Dada, pampu ya maziwa si gauni la mtumba!

Leo nawaomba kina kaka msifunue ukurasa wa michezo kwanza. Mada ni ya kina mama, lakini mtoa fedha mara nyingi ni wewe, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Nina binti mmoja jirani yangu, keshia katika ofisi moja ya hapa Dar. Jina nalihifadhi, maana ameniruhusu kusimulia kisa, si kumtangaza. Likizo yake ya uzazi ilipobakiza wiki moja akanijia amenuna.

"Anti, mie nitafanyaje? Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye daladala, narudi usiku. Huyu mtoto atakula nini?"

Alikuwa ameshakwenda dukani kuulizia pampu ya umeme ya kukamulia maziwa. Alipotajiwa laki mbili na ushee, akatoka bila hata kuaga. Jioni rafiki wa rafiki yake akamwonyesha picha kwenye simu: pampu kutoka Ulaya, gredi wani, "imetumika miezi miwili tu", elfu arobaini. Nani angeikataa? Akatoa mshiko, akabeba mzigo.

Haikupita wiki mbili, huyo tena. "Anti, maziwa yamekauka!"

Nyumbani kasheshe tupu. Mama mkwe anataka mtoto aanzishiwe uji, mume ameshatumwa maziwa ya kopo. Lakini mtoto mwenyewe akinyonya usiku anashiba na kulala fofofo. Nikajiuliza, maziwa yaliyokauka yanamshibishaje mtoto?

Tukaichukua ile pampu. Mota inanguruma kama bajaji inayopanda mlima, lakini kuvuta haivuti. Tukachomoa mpira wake na kuutazama kwenye mwanga. Mh! Ndani kuna vidoa vyeusi vya ukungu. Masikini binti wa watu, hakuna aliyemwambia kwamba mpira ule huchomolewa.

MOTA UTAICHEMSHA?

Tuelewane. Mimi si adui wa mtumba. Karume nakujua uchochoro kwa uchochoro, na nusu ya kabati langu limetoka huko. Gauni la mtumba unalifua, unalipiga pasi, unatoka bomba. Pampu ya maziwa ni habari nyingine.

Pampu za umeme zina miundo miwili. Upo ule uliofungwa, ambao una kizuizi, kawaida kipande laini cha silikoni, kati ya maziwa na mota. Maziwa hayapandi. Na upo ulio wazi, usio na kizuizi. Huu, matone madogo na unyevunyevu wa maziwa huweza kupita kwenye mpira mpaka ndani ya mota. Chupa utachemsha, kikombe cha kwenye titi utachemsha, mpira utanunua mpya. Je, mota utaiweka kwenye sufuria?

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, inazigawa pampu mafungu mawili: za mama mmoja tu, na zile zilizotengenezwa kutumiwa na mama zaidi ya mmoja. Hizi za pili, kila mama hutumia chupa, vikombe na mipira yake mwenyewe. Za mama mmoja inashauri zisiazimwe wala kuuzwa kwa mwingine, hata akiwa dada yako wa tumbo moja. Na usidanganyike ukisikia "hii imefungwa, haina noma". Zipo nyingi zilizofungwa ambazo nazo ni za mama mmoja. Neno "ya hospitali" kwenye boksi nalo si kibali, FDA hailitambui. Soma kitabu chake: imeandikwa kwa watumiaji wangapi? Kama kitabu hakipo, achana nayo.

Kwa nini ukali wote huu? Kwa sababu virusi vya Ukimwi hupita kwenye maziwa ya mama, na chuchu zikichanika hutoa damu. Sisemi aliyekuuzia ni mgonjwa. Huwezi kumjua kwa sura, wala hana deni la kukuonyesha cheti chake cha kliniki.

Na si magonjwa ya mtu mwingine tu. Mwaka 2016 kule Pennsylvania, Marekani, mtoto njiti aliugua vibaya kwa bakteria waitwao Cronobacter. Wataalamu walipochunguza, bakteria walewale walikutwa kwenye pampu ya mama yake mwenyewe. Vifaa vyake vilikuwa vikilowekwa kwenye maji ya sabuni kwa saa kadhaa bila kusuguliwa. Kama pampu ya mama mmoja, anayempenda mwanawe, iliweza kufanya hivyo, seuze iliyopita mikono usiyoijua?

IKICHOKA, UNALAUMIWA WEWE

Hili ndilo lililomkuta binti yetu. Mota huchoka. Iliyofanyishwa kazi kila siku hupungua nguvu, na ya mtumba huna garantii ya kumrudishia mwenye duka. Unakamua nusu saa, unapata vijiko viwili. Nyumba nzima inasema huna maziwa. Mbaya zaidi, titi lisipotolewa maziwa vizuri, kweli mwili unapunguza kutengeneza. Unajikuta unanunua maziwa ya kopo, na wote tunajua bei ya kopo. Ile elfu arobaini uliyodhani umeokoa imekwenda na maji. Rahisi ghali, walisema wahenga.

Mtaniuliza, sasa Anti, sisi makapuku tufanyeje? Haya, sikilizeni.

Kwanza, mkono wako. Haununuliwi, hauhitaji umeme, na Tanesco wakikata wewe unaendelea. Nawa kwa sabuni. Likande titi taratibu, kitambaa cha uvuguvugu kinasaidia. Weka dole gumba juu na kidole cha shahada chini, kama umeshika herufi C, sentimita mbili na nusu hadi tatu kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Rudia. Usivute chuchu na usiteleze juu ya ngozi. Zungusha vidole ili kila upande utoke, kisha hamia titi la pili. Siku za mwanzo utapata kidogo, usikate tamaa, ni kama kujifunza kuendesha baiskeli. Ukishindwa, nesi wa kliniki ya mama na mtoto atakuelekeza.

Pili, pampu mpya ya mkono. Bei yake ni nafuu kuliko ya umeme na kwa wengi inatosha. Ila zile zenye puto la mpira kama honi ya baiskeli ziache dukani. Maziwa huingia ndani ya puto na kulisafisha ni kazi bure.

Tatu, kina kaka, hapa ndipo mnapoingia. Mashoga na wafanyakazi wenzake wanajiandaa kuleta beseni, khanga na nguo za mtoto ambazo zitambana baada ya wiki sita. Waambie wachange pampu mpya.

BOSI NAYE AJUE

Sasa tufanye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe, kwa miezi sita. Hapo katikati kuna pengo la zaidi ya miezi mitatu, na pengo hilo ndilo linalowakimbiza dada zetu kwenye pampu za elfu arobaini.

Lakini sheria hiyohiyo inasema mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wangapi mnaijua hii? Kama nyumbani ni mbali, kaa na bosi mkubaliane muda huo uutumie kukamua, au utoke mapema. Ongea kwa adabu lakini usiombe kama unaomba mkopo.

Maziwa uliyokamua yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji hukaa saa nne kama joto halizidi nyuzi 25, na joto la Dar mnalijua wenyewe, kwa hiyo yatie haraka kwenye friji au kwenye kibegi chenye barafu. Kwenye friji hukaa hadi siku nne. Vifaa vioshe kila baada ya kukamua kwa sabuni na maji ya moto, kwenye beseni lake peke yake, visugue, vianike vikauke. Mara moja kwa siku vichemshe dakika tano, hasa mtoto akiwa mchanga sana au njiti. Mtoto mnyweshe kwa kikombe kidogo, ni rahisi kukisafisha kuliko chupa.

Mtataka kujua binti yetu aliishia wapi. Ile pampu tuliitupa, ingawa kuna aliyetaka kuinunua kwa elfu ishirini. Binti akakataa. "Anti, nimtupie mwenzangu mzigo nilioukimbia mwenyewe?" Nesi akamfundisha kukamua kwa mkono, bosi akamwachia atoke saa moja mapema na kumpa chumba cha stoo mchana. Kopo lililonunuliwa liko kabatini halijafunguliwa. Mama mkwe hasemi kitu siku hizi, ila nasikia kila akija mgeni humbeba mjukuu na kumwonyesha mashavu.

Kwa hiyo dada, mtumba nunua: gauni, kiatu, hata kitanda cha mtoto ukikikagua. Pampu, kama si ile ya watumiaji wengi na vifaa vyako vipya, iache ilipo. Kupanga ni kuchagua.