Asiyetaka kazi na asiyepata kazi si mamoja

Katika waraka wa pili wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike mna agizo ambalo hupendwa mno na watu walioshiba, lile la kwamba asiyetaka kufanya kazi asipewe chakula. Agizo hilo hutolewa kwa ukali mimbarini, na kijana aliyemaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita, aketiye kwenye benchi la nyuma kwa sababu viatu vyake vimetoboka, huinamisha kichwa kana kwamba ndiye aliyeandikiwa. Laiti angeambiwa kwamba neno zito katika agizo hilo ni "asiyetaka"! Paulo hakutaja asiyepata.

Tena Paulo mwenyewe hakufika Korintho akiwa na ajira. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 18, kinatueleza kwamba aliwakuta huko Akila na mkewe Prisila, ambao walikuwa wametoka Italia baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi mjini Roma. Kazi yao ilikuwa kushona mahema, na Paulo naye alikuwa fundi wa mahema. Basi akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Hebu mwalimu wa somo la dini awaulize wanafunzi wake: mtume huyu alipataje kazi katika mji wa ugenini? Alipokewa na watu wa ufundi wake, wakampa pa kulala na pa kuketi kushona.

Upo pia mfano wa Yesu mwenyewe katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, wa watu waliokutwa sokoni jioni wakiwa wamesimama mchana kutwa. Walipoulizwa mbona wamekaa bure, walijibu kuwa hakuna aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwatolea hotuba juu ya uvivu, bali aliwapeleka shambani. Yeyote ajuaye Eneo la Viwanda la Nairobi asubuhi, wanaume wakiwa wamejipanga langoni wakingoja karani atokeze kuhesabu vibarua wa siku hiyo, anaujua mfano huo bila kuhitaji mfafanuzi.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu katika nchi hii kanisa limewahi kulifanyia kazi swali la ajira, wala si kwa maombi peke yake. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, ambalo leo tunalijua kwa herufi za NCCK, lilishiriki kutoa ripoti ambayo jina lake lilikuwa swali: baada ya shule, nini? Uhuru ulikuwa na umri wa miaka 3 tu. Shule za msingi zilijaa, nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na maelfu ya watoto walikuwa wakirudi nyumbani na cheti kisichofungua mlango wowote. Kutokana na fikira hizo vikazuka vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini. Havikukusudiwa kuwa na majengo ya fahari. Kusudi lilikuwa kijana afundishwe useremala, uashi, ushonaji au ufundi mwingine uliohitajiwa na watu wa kwao, kisha ajipatie riziki papo hapo kijijini badala ya kukimbilia mjini. Mapema katika miaka ya 1970 serikali nayo ikaanza kuvisaidia.

Yaliyofuata yanatuhusu sisi walimu na wazazi. Vyuo hivyo vilibuniwa ili kumwondolea kijana utumwa wa cheti, lakini haukupita muda mrefu wazazi na vijana wenyewe wakadai mitihani na vyeti vyake. Siwalaumu. Mwajiri wa mjini aliulizia karatasi kabla hajatazama kazi ya mkono. Hata hivyo, kuanzia hapo chuo cha ufundi kikaanza kuonekana kama pipa la kutupia walioanguka mtihani, na mpaka leo wako walimu wamtishao mwanafunzi mzembe kwa kumwambia kwamba ataishia kuwa fundi. Kauli hiyo hutoka kinywani mwa mtu aketiye juu ya kiti kilichotengenezwa na fundi!

Mjini nako, mwaka 1973, padri Mholanzi Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya wavulana walioishi katika barabara za Nairobi wakiomba senti kwa wenye magari. Shirika hilo lilitambua kuwa mtoto aliyezoea kujitafutia hawezi kurudishwa darasani ghafula, akae miaka saba akisubiri faida. Kwa hiyo likaandaa masomo mafupi na kuyafungamanisha na ufundi. Kwamba padri alikwenda kuwatafuta waliko, bila kuwangoja waje kanisani wakiwa wameoga, ni jambo ambalo makanisa mengi bado hayajajifunza.

Kwa maana ukosefu wa kazi haumnyimi mtu mshahara tu. Humwondoa katika harusi kwa kuwa hana mchango, humwondoa katika chama, humfanya apite njia ya nyuma asikutane na mwenye duka anayemdai. Hatimaye humwondoa hata kanisani, kwa aibu ya kupitishiwa kikapu cha sadaka. Mtu aliyefikia hapo, ukimtajia tu kwamba mahali fulani pana nafasi, hujamsaidia vya kutosha. Anahitaji nauli ya kwenda huko, shati la kuvaa, na mtu mwenye jina zuri wa kusema, "Huyu namfahamu." Jambo hili la mwisho ndilo hazina kubwa ya kanisa. Katika ushirika mmoja huketi pamoja mwanakandarasi, mwenye karakana, mwenye hoteli na yule asiye na kazi. Wanaimba nyimbo zile zile, halafu wanatawanyika bila kuulizana habari.

Wako pia wahubiri wauzao kazi kwa njia ya mafuta na "mbegu", wakamtoza asiye na kitu kile kidogo alichokopa. Hao sitapoteza wino juu yao. Ila hata makanisa yenye heshima yana kasoro yake, nayo ni kumsaidia muumini wao tu, kana kwamba njaa nayo ina dhehebu.

Katiba ya mwaka 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti, na karo yake kwa kawaida ni nafuu kuliko ya vyuo vikuu. Pengo hutokea siku ya kuhitimu. Kijana hutoka akijua kupiga randa na hana randa. Msichana hutoka akijua kushona na hana cherehani. Kaunti imemaliza kazi yake, mwajiri hajaonekana, na ujuzi ukikaa mwaka mzima bila vifaa mikono husahau. Parokia ambayo kila mwaka huitisha harambee ya kuongeza mnara au kubadilisha vigae inaweza kuitisha moja ya vifaa, ikawakopesha wahitimu kumi, na kuwateulia mafundi wazee wa kanisa hilo hilo wawasimamie mpaka walipe. Kama walimu wakuu wa vyuo wangewaandikia mapadri na wachungaji wa mitaa yao majina ya watakaohitimu muhula ujao, orodha hiyo ingeweza kusomwa kanisani Jumapili, pamoja na matangazo ya ndoa.