Hepatiti B: wanaovunja ini ni askari wetu wenyewe

Wandugu, hapa Naviundu mtu akigeuka macho ya manjano, tumbo likavimba na mikono ikakonda, mtaa unatoa hukumu mbele ya labo: "Banamuloga huyu." Ama wanasema ni lutuku. Lutuku ina sehemu yake, sikatai. Lakini jina ambalo halitajwi hata siku moja kwenye matanga ni hepatiti B, na sisi wenye diplome mkononi, ni wachache tunaoweza kueleza namna inavyoua. Nilisoma bioloji, basi wacha nijaribu.

Jambo la kushangaza ni hili: virusi vya hepatiti B vyenyewe haviui seli ya ini. Vinaingia, vinapeleka DNA yao mpaka ndani ya kiini, inajifunga pale kama pete ndogo, na seli inaanza kutengeneza virusi vingine huku ikiendelea na kazi yake ya kila siku. Kinga ya mwili ikitambua kwamba ndani muna mgeni, njo pale shida inaanza. Askari wa damu wanaoitwa seli T wanafika na kuua seli pamoja na virusi vilivyo ndani. Ini linavimba, bilirubini inajaa kwenye damu, macho yanageuka. Ile rangi ya manjano ni moshi wa vita, na risasi ni zetu.

Ukishika hilo, mengine yanafunguka. Mtu mzima akiambukizwa, askari wake wanajibu kwa nguvu. Anaweza kuumwa wiki kadhaa, na wengine hawasikii kitu, lakini karibu 95 kwa 100 wanavisafisha virusi. Wachache sana, kama 1 kwa 100 ya wanaougua ama chini yake, askari wao wanapiga bila breki: ini linakufa kwa siku chache, damu haigandi tena, mgonjwa anachanganyikiwa kisha anaingia koma. Hapo tumaini kubwa ni kupandikizwa ini lingine, na hiyo kwetu maana yake ni kutafuta paspoti.

Mtoto mchanga ni kinyume. Askari wake bado hawajui vita, wanamwacha mgeni akae. Ju ya hiyo, karibu watoto 90 kwa 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa wanabaki na virusi maisha yao yote. Mtoto haumwi. Anakua, anacheza mpira, anafika Kasapa, anasoma droo. Miaka inapita na vita vidogo vidogo, kila kimoja kinaacha kovu, mpaka ini linakuwa gumu: sirosi. Nyuma yake kansa. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na hepatiti B, na milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake.

Rafiki yangu mmoja alienda kumtolea ndugu yake damu. Wakamrudisha na kikaratasi kimeandikwa "HBs positif", bila neno lingine. Miezi mizima alijihesabu maiti. Kumbe karatasi ile inasema tu kwamba virusi viko. Haisemi ini liko namna gani. Ikibaki hivyo zaidi ya miezi 6, tunaita sugu. Kinachofuata ni egzameni ya transaminazi, kiasi cha virusi ndani ya damu, na ekografi ya ini. Wengine wanafuatiliwa tu. Wengine wanapewa tenofoviri, ambayo inafunga virusi bila kuiondoa ile pete.

Askari hawapigi ini peke yake. Vipande vya virusi vikishikana na kingamwili vinatengeneza mabonge, yanaenda kuziba vichujio vya figo: mtoto anavimba uso, mkojo unajaa povu. Mabonge yakikaa kwenye mishipa ya damu, neva zinakosa chakula.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni askari kulazwa usingizi. Mtu anapewa dawa za kansa, ama kortizoni kwa muda mrefu, virusi vinazaana bila mtu wa kuvizuia. Dawa ikiisha, askari wanaamka, wanakuta adui kila nyumba, wanachoma mtaa wote. Dexamethasone ni kortizoni. Vile vidonge ambavyo watu wanameza ili wanone, masta, ni hivyo hivyo. Na mtu wa VVU anayetumia tenofoviri, kama ana hepatiti B pia, akiiacha ghafla ini linaweza kuwaka.

Kuna na virusi vya D, vilivyogunduliwa na Mario Rizzetto kule Torino mwaka 1977. Haviwezi kutembea bila koti la B, na vikiingia juu yake sirosi inafika haraka. Anayechanjwa B amefunga mlango wa vyote viwili.

Tuje kwenye bukari. Mahindi na karanga visipokauka vizuri vinaota kuvu, na kuvu wengine wanatoa aflatoksini. Sumu hiyo inaharibu DNA ya ini. Kwa mwenye hepatiti B, hatari ya kansa inazidishwa mara nyingi. Kuupika unga hakuiondoi. Punje zenye ukungu mutupe, musisage.

Ratiba yetu ya taifa imekuwa ikianza chanjo hii ndani ya pentavalente, wiki ya 6. Lakini virusi vya mama vinapita siku ya kuzaa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaomba dozi ndani ya saa 24 za kwanza. Kinshasa, kati ya 2018 na 2019, watafiti walipima wanawake wajawazito 4,016, wakakuta 109 wana virusi. Walioingia katika utafiti na kuonekana wana hatari kubwa walipewa tenofoviri, watoto wakapangiwa dozi ya kuzaliwa. Hawakuona maambukizi hata moja kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo inawezekana hapa hapa Kongo.

Sisi tuliozaliwa kabla ya 2005 hatukuipata utotoni kwa utaratibu. Upime kwanza, ukiwa hauna, ni pikire tatu ndani ya miezi 6. Na mwenye virusi musimutenge: sahani, kikombe, kumukumbatia, haviambukizi. Wembe, mswaki, sindano na kulala pamoja bila kinga, vinaambukiza.