Sarufi Chini ya Gari

Gari langu lilipoanza kugonga kila lilipovuka tuta, nililipuuza. Baadaye likawa linavuta upande kila nilipokanyaga breki, na tairi za mbele zikalika ukingo wa ndani. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Jumamosi moja nilijilaza chini yake uani mwangu, nikaona kwamba bushi za mikono ya chini ya mbele zilikuwa zimepasuka.

Bushi ni nini? Ni bomba fupi la chuma lililo ndani ya bomba jingine pana zaidi, na baina ya mabomba hayo mna mpira ulioshikamana na chuma pande zote mbili. Hukaa pale ambapo mkono unaoshikilia gurudumu hufungwa kwenye fremu ya gari. Gurudumu linapopanda na kushuka, mpira huo hujisokota kidogo kisha hurejea ulivyokuwa, na hivyo humeza mishindo ya barabara. Huo ni mpira uliopikwa kwa salfa, mbinu ambayo Mmarekani Charles Goodyear alipewa haki ya uvumbuzi wake mnamo 1844. Hata hivyo, joto, mafuta na umri huudhoofisha hadi ukakauka na kupasuka.

Nilianza kazi nikiwa na imani tele. Nililegeza nati za gurudumu, nikaegemeza mawe kwenye magurudumu ya nyuma, nikaliinua gari kwa jeki, kisha nikalikalisha juu ya stendi za chuma, kwa maana jeki ni ya kuinulia tu wala haifai kutegemewa na mtu aliyelala chini. Nikauchomoa mkono na kuubana kwenye jiliwa baina ya soketi mbili: ndogo ikaisukuma bushi kuukuu, kubwa ikaipokea upande wa pili. Tundu nikalipiga msasa, na bushi mpya ikaingia kwa njia iyo hiyo. Nikaurudisha mkono mahali pake, nikakaza kila bolti kwa nguvu zangu zote ilhali gurudumu limening'inia hewani. Nikafanya vivyo hivyo upande wa pili, nikashusha gari na kujipongeza.

Haikupita miezi minne, mlio ukarejea. Nilimwendea fundi mmoja katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Aliinama, akachungulia, akaniuliza:

"Mwalimu, bolti hizi ulizikaza gari likiwa juu?"

Nikakiri.

"Bushi hukazwa gari limesimama kwa miguu yake. Ukikaza likiwa juu, mpira unalala umejisokota. Kitu kinacholala kimejisokota hakikawii kuraruka."

Nilipolirudia gari, nilitia bushi mpya, nikazikaza bolti kwa mkono tu, nikalishusha gari na kulitikisa lituame, ndipo nikazikaza barabara. Kisha nikalipeleka kupimwa mwelekeo wa magurudumu. Tangu siku hiyo limenyamaza.

Nyumbani nilifungua kitabu cha Kiingereza cha gari lile. Onyo lilikuwamo, katika mstari mmoja nilioupita mbio. Kwa hivyo sitadai kwamba Kiingereza ndicho kilichoniponza. Pupa yangu ndiyo iliyoniponza. Lakini kitabu kilitoa amri bila sababu, ilhali fundi alinipa sababu yenyewe kwa maneno mawili, "unalala umejisokota". Siwezi kuyasahau.

Sisi wanaisimu tumezoea kupima uwezo wa Kiswahili katika sayansi kwa kuhesabu nomino. Twabishana iwapo "bushi" ni neno halali. Mfasiri asiyepata kuchafua mikono angeweza hata kuliita kichaka, hali Waingereza wenyewe walilipata neno hilo kutoka Kiholanzi cha zamani, lilikomaanisha kasha. Naam, bushi, jeki, spana na bolti ni maneno ya kukopa, na hakuna aibu katika hilo. Maarifa ya fundi yamo zaidi katika vitenzi, na humo Kiswahili hakikukopa: kaza na legeza, inua na shusha, sokota, bana, shikamana. Tazama pia mnyambuliko wa kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, bandika na bandua, chomeka na chomoa. Mwanafunzi huukariri kwa ajili ya mtihani, ilhali ukarabati wote wa gari, tangu nati ya kwanza hadi ya mwisho, ni sarufi hiyo ikitendwa kwa mikono.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, masomo ya ufundi katika shule zetu hufundishwa kwa Kiingereza, na vitabu vya magari hali kadhalika. Maelezo ya fundi yule hayakuandikwa popote. Siku akistaafu yataondoka naye. Na hapa si suala la tairi tu. Kijana anayejifunza ufundi kwa kutazama, asiposomewa wala kuandikiwa kwamba jeki haitegemewi, huenda akalipia somo hilo kwa uhai wake.

Basi nawasihi walimu wenzangu: badala ya kuwatungisha wanafunzi insha nyingine kuhusu siku wasiyoisahau, watumeni kwa fundi wa gari, wa baiskeli au wa cherehani. Wamwulize kazi moja hufanywaje, na kwa nini hufanywa hivyo. Waandike maneno yake kwa mpangilio, kisha wamrudie na kumsomea, naye awasahihishe. Kalamu nyekundu, kwa siku hiyo moja, ishikwe na fundi.