Proforma pamoja na video: namna muteja wa mbali anaweza kukuamini

Kwetu, mara nyingi mutu anayejengesha nyumba haishi pale nyumba inajengwa. Parseli iko Bukavu, Butembo ao Bunia, mwenyewe iko Kinshasa ao Ulaya. Fundi anamutumia proforma kwa WhatsApp: mabati, mbao, misumari, pesa ya mukono, jumla. Muteja anasoma, anaona pesa ni mingi, ananyamaza. Kazi inapotea na fundi hajue sababu.

Sababu moja ni kwamba karatasi haionyeshe kitu. Tuchukue mfano wa bati. Proforma moja inaandika BG 28, ingine BG 32 kwa bei ya chini. Muteja asiyejua anachagua ya bei ya chini. Lakini kadiri namba inapanda, ndivyo bati inakuwa nyembamba. Ukikamata mabati yote mawili mbele ya simu, ukayakunja kidogo kwa mukono, muteja anaelewa juu ya nini unaomba zaidi.

Si lazima kamera ya bei kali. Simu inatosha, na dakika moja na nusu inatosha:

– Muite muteja kwa jina lake, na useme kazi aliyokuomba.
– Onyesha mahali pa kazi: ukuta, muteremuko, njia ya maji, na mita ikisomeka vizuri.
– Onyesha kazi moja uliyomaliza wewe mwenyewe.
– Sema bei, kama ni dola ao franga, na itadumu siku ngapi, juu barabara ikiharibika mbao zinapanda bei.

WhatsApp inapunguza uzito wa video, na picha inapoteza usafi. Maandishi madogo hayasomeke tena. Kwa hiyo video haiondoe proforma: hesabu zote zibaki kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi.

Kuna mambo ya kuepuka. Usirekodi askari, bariyeri wala uwanja wa ndege. Simu inaweza kukamatwa, na wewe pamoja nayo. Usionyeshe sura za watu bila ruhusa yao. Usiweke parseli ya muteja kwenye status: wezi nao wanaangalia, wanaona milango na mahali simenti imelala.

Na wewe muteja, fahamu kwamba video si kontra. Mutu anaweza kukutumia kazi ya mwingine. Mbele ya kutuma avansi kwa M-Pesa ao Airtel Money, muombe fundi arekodi tena pale pale akitaja tarehe ya leo, na utume ndugu mumoja apite kuangalia. Kisha lipa kwa vipande: musingi, kuta, paa. Kila kipande kikiisha, video mupya kwanza, pesa nyuma. Hivyo fundi analipwa kwa kazi inayoonekana, na wewe unajua pesa yako imesimama wapi.