Amri za nje katika seva ya faili

Amri za nje katika seva ya faili ni amri za mfumo wa uendeshaji ambazo programu ya seva huziendesha yenyewe linapotokea jambo fulani, kwa mfano mtumiaji anapoingia, faili linapopakiwa au kazi inapotumwa kwenye printa.

Seva ya faili ni kompyuta inayotunza mafaili na kuyagawa kwa kompyuta nyingine katika mtandao. Kazi hiyo hufanywa na *dimoni*, yaani programu inayokaa nyuma ya pazia ikingoja maombi. Miongoni mwa programu za aina hii ni Samba, ProFTPD na Pure-FTPd.

Jinsi inavyofanya kazi

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, dimoni huweza kuendesha amri ya nje kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza huita programu nyingine moja kwa moja na kuikabidhi kila taarifa peke yake. Katika njia ya pili huunda sentensi nzima ya amri na kuipa *sheli*, yaani programu inayosoma amri zilizoandikwa na kuzitekeleza.

Njia ya pili ni rahisi kwa msimamizi, lakini kwa sheli baadhi ya alama zina kazi maalumu. Nafasi hutenganisha maneno, nukta mkato humaliza amri moja na kuanzisha nyingine, na ritifaa hufungua nukuu ambayo lazima ifungwe.

Matumizi

Samba ilianzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, kati ya Desemba 1991 na Januari 1992. Faili lake la mipangilio, smb.conf, lina nafasi kadhaa za kuweka amri za nje:

* *preexec* huendeshwa mtumiaji anapojiunga na folda ya pamoja, na *postexec* anapoondoka;
* *root preexec* hufanya kama preexec, ila kwa mamlaka ya msimamizi mkuu; hutumika, kwa mfano, kumwundia mtumiaji mpya folda yake;
* *add user script* humsajili mtumiaji mpya kwenye mfumo;
* *dfree command* huieleza seva ukubwa wa diski na nafasi iliyobaki.

Mfano

Tuchukue shule ya sekondari wilayani Muleba yenye seva inayopokea kazi za wanafunzi. Msimamizi ameipangia seva ibandike jina la kila faili jipya ndani ya amri ya kunakili, kisha sentensi hiyo ipewe sheli.

Mwanafunzi akipakia faili liitwalo *Kahawa ya Bukoba.doc*, sheli huona majina matatu ya mafaili, na nakala haifanyiki. Akipakia *Ng'ombe.doc*, sheli hudhani nukuu imefunguliwa bila kufungwa, na amri hushindikana. Wanafunzi hawa hawana nia mbaya. Wameandika Kiswahili sanifu tu. Lakini mwingine akiweka nukta mkato katika jina la faili na kuifuatisha amri ya kufuta, sheli itaitekeleza kama vile imeandikwa na msimamizi mwenyewe. Ikiwa seva hiyohiyo inatunza alama za upimaji endelevu za kidato cha nne, kazi ya miaka miwili inaweza kupotea kwa dakika moja.

Hatari zilizowahi kutokea

Mwezi Mei 2007 ilitangazwa kasoro ya Samba yenye namba CVE-2007-2447, iliyohusu matoleo ya 3.0.0 hadi 3.0.25rc3. Palipotumika mpangilio wa *username map script*, jina lililotumwa na mteja lilipelekwa kwa sheli bila kuchujwa, tena kabla ya nenosiri kukaguliwa. Mtu asiye na akaunti aliweza hivyo kuandika amri mahali pa jina lake. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la 3.0.25.

Mwaka 2000 kasoro nyingine ilipatikana katika amri ya SITE EXEC ya seva ya WU-FTPD, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis, Marekani. Hapo sheli haikuhusika, lakini chanzo kilikuwa kilekile: maneno ya mteja yalichukuliwa kuwa maagizo badala ya kuwa maandishi ya kawaida.

Kinga

* Programu ya nje iitwe moja kwa moja bila kupitia sheli kila inapowezekana.
* Jina lolote linalotoka kwa mteja lichujwe, na lifungwe ndani ya alama za kunukuu.
* Amri iendeshwe kwa akaunti yenye mamlaka madogo. *Root preexec* itumike pale tu ambapo hakuna njia nyingine.
* Kazi zitenganishwe. Katika Pure-FTPd, seva yenyewe haiendeshi programu ya nje. Hupeleka taarifa za faili lililopakiwa kwa dimoni nyingine, na hiyo ndiyo huita skripti.
* Nakala za akiba zitunzwe kwenye kifaa ambacho seva haiwezi kukiandikia.

Upande wa sheria

Nchini Tanzania, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hivyo aliyedukuliwa naye anaweza kuulizwa jinsi alivyoilinda seva yake.