Vifaa vya Mwanzo vya Kuzimia Moto: Mfano wa Amsterdam

Ukiulizwa kwa nini miji ya zamani iliteketea kwa moto, usikimbilie kujibu "uhaba wa maji". Chukua mfano wa Amsterdam, Uholanzi. Katika karne ya 17 mji huu ulikuwa bandari kubwa ya biashara. Watu walimiminika kutoka kila upande na nyumba zikabanana. Maji yalikuwapo tele, kwa kuwa mifereji ilikatiza mji mzima. Hata hivyo, mwaka 1652 jumba la utawala wa mji liliteketea.

Tatizo lilikuwa kuyafikisha maji kwenye moto. Watu walipanga mstari kutoka mferejini, wakapokezana ndoo za ngozi. Pampu pia zilikuwapo: sanduku la maji lenye bomba fupi juu yake, na wanaume wakisukuma mipini juu na chini. Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama: wanaitaja pampu bila kueleza udhaifu wake. Bomba lile lilikuwa gumu, halipindi. Ilibidi pampu isogezwe hadi karibu na moto, na maji yaliishia ukutani na juu ya paa ilhali moto uko ndani. Tena ilijazwa kwa ndoo zilezile. Mstari ukivurugika, pampu inakauka.

Miongoni mwa walioshuhudia moto wa 1652 alikuwa kijana wa miaka 15, Jan van der Heyden. Baadaye akawa mchoraji maarufu (ndiyo, mchoraji wa picha!). Mwaka 1672, yeye na ndugu yake Nicolaes walitengeneza bomba refu la ngozi iliyoshonwa, lenye kupinda. Leo tungeliita mpira. Sasa pampu ilibaki mbali na joto, na mzimamoto aliweza kupanda ngazi na kuingia hadi chumba kinachoungua, bomba likiwa mkononi. Bomba jingine lilileta maji kutoka mferejini hadi kwenye pampu, kwa hiyo mistari ya ndoo ikapungua umuhimu.

Mwaka uliofuata ndugu hao walikabidhiwa usimamizi wa zimamoto mjini. Mwaka 1690 Jan alitoa kitabu chenye michoro, akilinganisha hasara za mioto ya enzi ya pampu za zamani na za mioto iliyozimwa kwa bomba lake. Lile jumba la utawala, alilotazama likiungua akiwa kijana, alilichora humo.