Mwalimu na Hesabu za Watu

Hakuna mwalimu asiyeshika hesabu kila siku. Asubuhi huita majina na kuandika nani yupo na nani hayupo. Mwisho wa muhula hujumlisha alama, akazigawanya, akapata wastani. Lakini ni wangapi kati yetu tuliofundishwa kuzisoma hesabu hizo, yaani kuziuliza zasema nini, na zaficha nini? Elimu hiyo ndiyo iitwayo takwimu. Leo twapenda kuwaeleza habari za mtu mmoja, mganga na mwalimu, ambaye elimu hiyo ilimfumbua macho.

Jina lake ni Hans Rosling. Alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Uppsala, nchi ya Uswidi, na katika chuo kikuu cha mji huo alisoma uganga pamoja na takwimu. Tangu mwaka 1979 hata 1981 alikuwa daktari huko Nacala, kaskazini ya Msumbiji.

Vifo visivyoonekana

Katika hospitali yake ya Nacala walikufa watoto 52 kwa mwaka mmoja. Mganga mwenzake alimlaumu, akisema hafanyi yote yawezekanayo kwa kila mtoto aliye taabani. Rosling akashika kalamu. Alitwaa idadi ya watoto wanaozaliwa wilayani, akaipima pamoja na sehemu ya wale wanaokufa wangali wadogo. Akaona ya kuwa watoto wapatao 3,900 walikufa mwaka huo katika wilaya nzima, karibu wote nje ya hospitali, majumbani na vijijini. Katika kila vifo 100, yeye alikuwa akiona kimoja tu, au zaidi kidogo!

Basi, kazi yake ilikuwa wapi? Kitandani palipokuwa mbele yake, au huko vijijini, ambako chanjo na wahudumu waliofunzwa wangeweza kuokoa wengi? Hesabu haikumfanya kuwa na moyo mgumu. Ilimwonyesha watoto ambao macho yake hayakuweza kuwafikia.

Mama wa Makanga

Bwana huyo alifika hata kwetu Kongo, kuchunguza ugonjwa wa konzo, ambao hupooza miguu kwa ghafula. Jina lenyewe ni la Kiyaka, lugha ya watu wa Kwango. Wataalamu walitambua ya kuwa huwapata hasa wale wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha, nao hawana chakula kingine cha kuujenga mwili.

Mwaka 1989, katika kijiji cha Makanga, jimbo la Bandundu, watu walikasirika walipoambiwa watolewe damu. Walidhani wageni wataka kuiuza. Wengine walishika mapanga. Ndipo mama mmoja aliposimama kati yao. Akawakumbusha surua iliyokuwa ikiwaua watoto wao, na chanjo iliyoizuia. Akawaeleza kuwa chanjo hiyo haikuokotwa njiani, bali watu waliitafuta kwa kuchunguza. Kisha akaunyosha mkono wake, atolewe damu wa kwanza. Hivyo tujue: nyuma ya kila tarakimu yuko mtu aliyekubali kuulizwa, na ni haki yake kuelezwa sababu.

Wanafunzi na sokwe

Baadaye Rosling alikuwa mwalimu katika chuo cha Karolinska, mjini Stockholm. Siku moja aliwapima wanafunzi wake. Aliwapa nchi mbili mbili, mara tano, wachague ipi ina vifo vingi zaidi vya watoto. Sokwe anayechagua bila kufikiri angepata nusu, yaani 2.5 katika 5. Wanafunzi wale walipata 1.8! Hawakushindwa kwa kukosa habari tu, bali kwa mawazo waliyokuja nayo. Hawakuweza kusadiki, kwa mfano, kwamba vifo vya watoto nchini Sri Lanka vilikuwa nusu ya vile vya Uturuki.

Rosling aliona ya kuwa orodha ndefu za tarakimu hazitoshi kuyang'oa mawazo hayo. Mwanawe Ola na mkwewe Anna wakamsaidia kutengeneza programu ya kompyuta. Ndani yake kila nchi ni duara, na ukubwa wake ni wingi wa watu. Kadiri mapato yanavyozidi, duara husogea kuume. Kadiri watu wanavyoishi miaka mingi, hupanda juu. Miaka ikipita, maduara hutembea mbele ya macho ya wanafunzi. Mwaka 2005 watatu hao walianzisha shirika la Gapminder, na mwaka 2007 programu ile ilinunuliwa na Google. Rosling alifariki mwaka 2017, lakini chombo cha Gapminder kingali katika intaneti, na mwalimu yeyote aweza kukitumia bila malipo.

Yatupasa sisi

Lakini chombo kizuri hakimwondolei mtu kazi ya kufikiri. Tutazame madarasa mawili yenye wastani wa 50 kwa 100. Katika la kwanza kila mtoto amepata 50. Katika la pili nusu wamepata 80, na nusu 20. Wastani ni ule ule. Lakini je, mwalimu wa darasa la pili aweza kulala usingizi? Asiyetazama ila wastani atawapoteza wale wa 20 pasipo kujua.

Tena, tukiona duara la Kongo katika kompyuta, tukumbuke ya kuwa tangu mwaka 1984 nchi yetu haijafanya sensa nyingine ya watu wote. Idadi tunayoonyeshwa ni ya kukadiria. Haifai kuidharau kwa sababu hiyo, wala kuishika kama kitu kilichohesabiwa mtu kwa mtu.

Basi, ninyi walimu, na ninyi wanafunzi wa madarasa ya juu, kila mkipewa tarakimu ulizeni maneno matatu: Nani alihesabu? Alihesabu lini? Aliacha nani? Anzeni na daftari la shule yenu. Watoto walioacha masomo mwaka huu, majina yao hayaingii tena katika wastani wa alama. Wahesabuni hao pia, kisha mwende kwa wazazi wao mkajue sababu.